Uwanja wa ndege wa Kisumu: lami inatosha, kilichobaki ni ziwa na ardhi

Njia ya kurukia ndege ya Kisumu ina urefu wa kilomita 3.3, unaoiwezesha kupokea ndege kubwa kuliko zile zinazotua hapo kila siku, ilhali minofu ya sangara inayokatwa katika viwanda vya jiji hilo hilo huondoka kwa malori yenye majokofu, ikapanda milima ya Kericho na kupita Nakuru hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 350, kabla ya kupakiwa ndegeni au kuendelea kwa barabara hadi bandari ya Mombasa.

Hali hiyo ndiyo iliyo nyuma ya mjadala kuhusu awamu ya pili ya upanuzi wa uwanja huo, awamu ambayo imetajwa kwa miaka kadhaa katika mipango ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya (KAA), na ambayo nguzo zake ni maegesho ya ndege za mizigo pamoja na njia ya kiungio iliyo sambamba na njia ya kurukia, yaani barabara ya lami inayoiwezesha ndege iliyokwisha kutua kujiondoa mapema ili nyingine itue, badala ya kugeuka na kurudi kwa njia ile ile.

Wafanyabiashara wa samaki wanaitaka awamu hiyo kwa ajili ya masoko ya nje. Viongozi wa eneo la ziwa wanaiona kuwa haki iliyocheleweshwa. Wachumi wa usafiri wa anga wanauliza ni mzigo gani utakaojaza ndege. Na wakazi wa Kogony na Usoma, wanaopakana na ua wa uwanja, wanauliza ua huo utasogezwa hadi wapi. Kila upande una hoja ya kweli, lakini historia ya uwanja huo na jinsi unavyofanya kazi huonyesha kwamba lami imekwisha kutosha, na kwamba upungufu mkubwa uko katika vitu vinavyoizunguka: ubaridi wa kuhifadhia mizigo, uokoaji majini, usafiri wa visiwani na uhakika wa ardhi.

Maji yalipokuwa uwanja

Kisumu ilijulikana kwa marubani wa safari za mbali kabla ya kuwa na njia ya lami. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na takriban miaka 30 baadaye kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ikaufanya mji huo kituo katika safari yake ya Afrika, iliyozinduliwa Februari 1931 kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Kuanzia Khartoum abiria walisafiri kwa ndege za kutua majini, ambazo tumbo lake liliundwa kama chombo cha baharini, na Ghuba ya Winam ikawa ndiyo njia ya kutulia.

Safari hiyo ilipoongezwa hadi Cape Town mwaka 1932, Kisumu ikawa mahali ambapo abiria walishuka kutoka ndege za majini na kupanda za nchi kavu, na kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za aina ya Short Empire zilipitia hapo zikielekea Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na hatimaye Durban. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kisumu ilikuwa kituo katika njia ndefu iliyopinda kama kiatu cha farasi, iliyoiunganisha Durban na Sydney kwa kupitia Cairo na India. Mji mdogo wa ziwani ulikuwa umewekwa katika ratiba moja na miji mikuu ya dola.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba Kisumu ilipata nafasi hiyo kwa sababu ya ziwa, na ikaanza kuipoteza pale ndege zilipoacha kulihitaji. Baada ya vita ndege za nchi kavu za masafa marefu zilizifuta zile za majini, uwanja wa Embakasi ukafunguliwa Nairobi mwaka 1958, na Kisumu ikageuka kuwa tawi la Nairobi, kwanza chini ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, kisha chini ya Kenya Airways.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Mwai Kibaki, njia ya kurukia ilipoongezwa kutoka kilomita 2 hadi 3.3, jengo jipya la abiria likajengwa na uwanja ukapewa hadhi ya kimataifa. Hadhi hiyo inamaanisha kwamba uwanja unaweza kutoa huduma za uhamiaji, forodha na afya ya mipakani. Hailazimishi shirika lolote kuleta ndege, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata ratiba za Kisumu zimetawaliwa na safari za ndani, hasa za Nairobi, ambazo huchukua chini ya saa moja angani badala ya kutwa nzima barabarani. Kuanzishwa kwa Jambojet mwaka 2014, shirika la nauli nafuu, kulizidisha ushindani, na Mei 2022 jiji lilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Africities, unaowakutanisha viongozi wa miji na serikali za mitaa barani Afrika, uwanja ulipata nafasi ya kuonekana na wageni wa bara zima.

> Kisumu ilipata nafasi katika ramani ya safari za anga kwa sababu ya ziwa, na ikaanza kuipoteza pale ndege zilipoacha kulihitaji.

Hewa nyepesi, njia ndefu

Mara kwa mara husikika wito kwamba njia ya kurukia irefushwe tena, na wito huo unastahili kupimwa kwa hesabu kabla ya kupimwa kwa siasa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, hivyo mabawa hayapati nguvu ya kuinuka wala injini hazipati msukumo kama zinavyoupata Mombasa; joto la mchana, ambalo mara nyingi hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, huifanya hewa hiyo kuwa nyepesi zaidi.

Kanuni ya makadirio inayotumiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huelekeza kwamba urefu unaohitajika kwenye usawa wa bahari uongezwe kwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha uongezwe kwa asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha kawaida cha mwinuko huo. Kwa hesabu hiyo, ndege inayohitaji mita 2,000 ili kuruka katika kiwanja cha pwani chenye hali ya hewa ya kawaida ya vipimo itahitaji, ikiwa Kisumu, takriban mita 2,500 kwa sababu ya mwinuko peke yake, na itakaribia mita 3,100 joto likijumlishwa.

Hesabu hii inaeleza kwa nini njia ya zamani ya kilomita 2 iliifunga Kisumu kwenye ndege ndogo na za kati, au kubwa zilizopunguziwa mzigo. Inaeleza vilevile kwa nini kilomita 3.3 za sasa zinatosha kwa ndege za masafa ya kati zenye kujaa, na zinazidi kwa mbali mahitaji ya Dash 8-400, ndege ya pangaboi ambayo Jambojet huitumia. Shilingi itakayotumiwa kuongeza lami mwishoni mwa njia hiyo itakuwa imenyimwa kazi nyingine iliyo muhimu zaidi.

Minofu husafiri, mgongo wazi hubaki

Katika mtaa wa Obunga, kaskazini mwa jiji, biashara ya sangara huonekana kwa namna ambayo haionekani katika takwimu za mauzo ya nje. Wanawake hununua kutoka viwandani kile kinachobaki baada ya minofu kukatwa, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama chache iliyong'ang'ania mifupa, mabaki yanayojulikana kama mgongo wazi. Huyaanika juani, huyakaanga katika karai kubwa la mafuta, kisha huyapeleka kwa wateja wa mitaa na masoko ya jiji. Sokoni Kibuye, ambako Jumapili ndiyo siku kuu ya soko, samaki hao huwekwa kando ya omena wanaopimwa kwa gorogoro, kopo la bati linalotumiwa kama kipimo.

Sangara, anayeitwa mbuta kwa Kijaluo, aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980 na kuzaa viwanda vya minofu katika nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa. Kenya inamiliki asilimia 6 tu ya eneo la maji, huku sehemu kubwa ikiwa Tanzania na Uganda, lakini ilitangulia katika usindikaji. Pigo la kwanza lilitoka nje: kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliweka marufuku mara kadhaa dhidi ya samaki wa ziwa hilo kwa sababu za usafi, kipindupindu na hofu ya sumu. Pigo la pili lilitoka majini, kwani samaki walipungua, gugumaji likafunga mialo na viwanda kadhaa vikafungwa.

Mwanza ilichukua njia nyingine. Ndege za mizigo aina ya Ilyushin zilitua huko na kupakia minofu moja kwa moja kuelekea Ulaya, biashara iliyojulikana duniani kupitia filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ambayo ilizua ubishi mkali kuhusu faida na madhara yake kwa wenyeji. Ubishi huo hauondoi ukweli wa kiufundi: minofu mibichi huhifadhiwa kwenye joto linalokaribia nyuzi sifuri, na mfululizo wa ubaridi kutoka kiwandani hadi kwa mlaji ukikatika kwa saa chache juani, thamani huanguka na mnunuzi hukataa mzigo.

Hapa ndipo wachumi wa usafiri wa anga wanapoweka pingamizi lao. Ndege ya mizigo hupata faida ikijaa kuja na kurudi, na uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997 ukiwa na njia ya kilomita 3.5, hutoa funzo: ndege zimekuwa zikishusha hapo bidhaa kutoka ng'ambo, kisha zikaruka tupu hadi Nairobi kupakia maua na mboga. Kujenga maegesho makubwa ya mizigo Kisumu, iliyo umbali usiofika kilomita 150 kutoka Eldoret, kunaweza kuzigawanya ndege chache zilizopo na kuviacha viwanja vyote viwili vikiwa na nusu ya kazi.

Pingamizi hilo lina nguvu, ila linahusu ndege kubwa za mizigo peke yake. Halijibu hitaji la chumba cha baridi kando ya maegesho ya sasa, mahali pa ukaguzi wa samaki na ofisi ya forodha inayofanya kazi usiku, vitu vinavyogharimu sehemu ndogo ya bei ya lami na vinavyoweza kuhudumia mizigo inayobebwa tumboni mwa ndege za abiria. Ufugaji wa samaki katika vizimba, ambao umeenea katika upande wa Kenya wa ziwa, unaipa hoja hiyo uzito mpya, kwa sababu mfugaji huweza kupanga siku ya kuvua kulingana na siku ya ndege, jambo ambalo mvuvi wa sangara hawezi. Nchi inayoagiza ngege waliogandishwa kutoka China ilhali inafuga wake ziwani ina sababu ya kutosha ya kuanza na chumba cha baridi, kisha kuacha wingi wa mzigo uamue kama maegesho makubwa yanahitajika.

> Chumba cha baridi kinagharimu sehemu ndogo ya bei ya lami, na wingi wa mzigo ndio utakaoamua kama maegesho makubwa yanahitajika.

Ziwa lililo mwisho wa njia

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na waliookolewa walitolewa majini kwa msaada wa watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha jinsi mlango wa ndege unavyofunguliwa.

Tukio hilo linaihusu Kisumu moja kwa moja, kwa sababu njia yake inaelekea ziwani na sehemu ya kupaa na kutua hufanyika juu ya maji. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, ambacho huweka viwango vya viwanja vya ndege duniani, kinataka uwanja ulio karibu na maji au kinamasi, ambako sehemu kubwa ya safari hupita juu yake, uwe na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari hiyo. Gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, huishia ukingoni. Linalohitajika ni boti ziendazo kasi, maboya ya kujipuliza, wapiga mbizi wa zamu na mazoezi ya pamoja na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo ndizo zenye mashua zilizo karibu zaidi saa yoyote ya mchana na usiku.

Hatari ya ziwa ina sura nyingine pia. Ngurumo za alasiri na jioni ni sehemu ya hali ya hewa ya kawaida ya ukanda huo, pepo za ziwani na za nchi kavu hubadilishana kati ya mchana na usiku, na ndege wa majini, kuanzia yangeyange hadi korongo mfukoshingo wanaofuata taka na mabaki ya samaki, huweza kuingia katika injini. Ndiyo maana jinsi jiji linavyosimamia dampo na mialo yake ni suala la usalama wa anga. Mei 2020 kina cha ziwa kilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kikavuka kidogo rekodi iliyodumu tangu mwaka 1964, na fuo za Kisumu zikafurika. Mpango wowote wa kupanua uwanja upande wa maji ambao hautaanza na vipimo hivyo utakuwa umejengwa juu ya matumaini.

Kutoka Mfangano hadi "Russia"

Uwanja huu ukiitwa wa kanda, neno hilo linapaswa kujumuisha visiwa vya ziwa. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa barabara, na ina kiwanja kidogo cha ndege ambacho kimetumiwa zaidi na wageni wa hoteli. Mfangano, iliyo mbele zaidi magharibi, haina daraja. Mama mjamzito wa Mfangano mwenye matatizo ya uzazi huvushwa kwa boti hadi Mbita, kisha ama hupelekwa Homa Bay kwa gari, ama husubiri kivuko cha kuelekea Luanda Kotieno ili aendelee na safari ya barabara hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na ambayo iko kando ya barabara ya Kakamega si mbali na Kibuye. Ziwa likichafuka usiku, safari hiyo haianzi.

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kutosha wa kuwafikia watu wa mbali kwa ndege. Madaktari Warukao wa shirika la afya la AMREF walianza kazi mwaka 1957 kwa kutumia ndege ndogo na viwanja vya nyasi. Huko Tanzania, njia ya kurukia ya kisiwa cha Mafia iliwekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika mpango uliomalizika mwaka 2013, na kisiwa kikaacha kutegemea tope au jua ili kujua kama ndege itatua.

Wapo wanaosema kwamba Kisumu ijengwe iwe kitovu na viwanja vidogo vingojee, na wapo wanaotaka Kabunde ya Homa Bay, Suneka ya Kisii na Kakamega vipate fedha sawa. Ugomvi huo huwasahau wakazi wa visiwani, ambao hawahitaji ratiba ya kila siku wala jengo la abiria; wanahitaji njia fupi ya changarawe iliyokatwa nyasi na kuzungushiwa ua usioruhusu ng'ombe, soksi ya kuonyesha upepo, na ndege ya wagonjwa inayojulikana ni ya nani na hulipwa na nani. Gharama hiyo haifiki mbali ikilinganishwa na hata kipande kidogo cha awamu ya pili.

Ua utasogezwa hadi wapi

Suala la ardhi ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote na ndilo linalotajwa kwa haraka kuliko yote katika hotuba za uzinduzi. Familia za Kogony na Usoma zimedai kwa miaka mingi kwamba mashamba na makaburi ya mababu zao yalimezwa na uwanja bila fidia inayostahili, huku upande wa mamlaka ukishikilia kwamba ardhi iliyo ndani ya mipaka yake ni ya umma na ilitengwa kwa ajili ya usafiri wa anga. Kwa familia inayolima kando ya ua na kuvua Usoma, kuhamishwa huwa na maana ya kupoteza shamba na mwalo kwa siku moja.

Katiba ya mwaka 2010 imeweka usafiri wa anga katika mamlaka ya serikali ya kitaifa, na kwa hiyo kaunti ya Kisumu hubaki na masoko, barabara za mitaa na mipango ya ardhi, lakini haina kauli ya mwisho kuhusu uwanja ulio ndani yake. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, hudai fidia ya haki inayolipwa kwa ukamilifu na bila kuchelewa pale mali inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, na huruhusu hata mtu asiye na hatimiliki kulipwa iwapo ameikalia ardhi kwa nia njema. Januari 2021 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, kilichobomolewa mwaka 2011 karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, ikatambua kwamba watu waliokaa kwa muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa. KAA ilikuwa upande wa pili wa kesi hiyo, na kwa hiyo kanuni hiyo inajulikana vema kwa wale watakaoamua mipaka ya Kisumu.

Kupima mipaka hiyo, kuorodhesha familia zilizokwisha kulipwa na zinazosubiri, na kuyaweka matokeo hadharani katika baraza la chifu kabla zabuni haijatangazwa, ni kazi ambayo Tume ya Kitaifa ya Ardhi ina mamlaka ya kuifanya sasa. Haihitaji mkopo wa nje wala mkandarasi kutoka ng'ambo, na inaweza kukamilika wakati michoro ya maegesho ya mizigo ingali mezani.